Mashine zilizopiga hesabu kwa mlio

Na Mwandishi Wetu

MWANZONI mwa miaka ya 1950, katika kituo cha utafiti wa nishati ya atomiki cha Harwell nchini Uingereza, mtaalamu wa hesabu aitwaye Fossey aliketi mezani na kikokotoo chake, akaamua kupimana nguvu na mashine. Walipewa hesabu ileile, wakaanza kwa pamoja.

Kwa kama nusu saa mtu na mashine walikwenda sambamba. Fossey alijituma kwa nguvu zake zote. Kisha akachoka, akajitoa. Mashine ikaendelea na mlio wake uleule.

Wenzake wa Harwell walikuwa na kisa kingine. Sikukuu moja ya Krismasi na Mwaka Mpya waliiacha mashine peke yake, wameiwekea utepe mrefu wa karatasi wenye matundu, ambao ndio uliokuwa chakula chake. Waliporudi kazini baada ya siku zisizopungua kumi, waliikuta bado inagonga.

Haikuwa na mbio hata kidogo. Kuzidisha namba mbili kuliichukua kati ya sekunde tano na kumi. Ila walioibuni, Ted Cooke-Yarborough, Dick Barnes na Gurney Thomas, hawakuwa wakitafuta mbio. Walitaka kitu kisichochoka wala kukosea, kinachoweza kuachwa usiku kucha bila mtu wa kukilinda.

Mashine hiyo ipo hadi leo. Ina uzito wa tani 2.5 na kimo cha mita mbili. Ndani mna rilei 480 na taa maalumu za kuhesabia 828, kila taa ikiwa na nukta ya mwanga wa rangi ya chungwa inayoruka kutoka tarakimu moja kwenda nyingine. Makao yake ni Makumbusho ya Taifa ya Kompyuta pale Bletchley Park, na hapo huwashwa mbele ya wageni. Kati ya kompyuta asilia za kidijitali zinazofanya kazi duniani, hakuna iliyo ya zamani kuliko hiyo.

Swali lililonisukuma kuandika makala hii ni jepesi kuliuliza. Kwa nini hii iko hai, ilhali nyingine zilizokuwa kubwa na mashuhuri kuliko hiyo ziliungua, zilikatwakatwa, au zimesimama kimya?

Mlio unaoujua

Hata kama hujui rilei ni nini, mlio wake unaujua. Usiku umeme unapopanda na kushuka, ile 'tak, tak' inayotoka kwenye stebilaiza ya friji ni rilei. Fundi umeme wa magari naye anaijua: kiboksi kidogo cheusi chenye miguu, kinachochomekwa kwenye boksi la fyuzi. Anakichomoa, anakigonga, anakirudisha, anasikiliza. Kisha anakwambia, "Bosi, rilei imekufa."

Ndani yake hamna uchawi. Kuna waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi kwenye kipande cha chuma. Umeme ukipita humo, chuma kinakuwa sumaku na kuvuta kibati. Kibati kinakutanisha ncha mbili za waya mwingine, na umeme wa huko nao unapita. Umeme wa kwanza ukikatika, springi inakirudisha kibati mahali pake. Ni swichi inayowashwa na umeme badala ya kidole, basi.

Lakini swichi inayoweza kuwasha swichi nyingine, na hiyo ikawasha ya tatu, inafungua mlango mkubwa. Unaweza kuzipanga zikaamua jambo: hii na ile zikifunga, taa iwake, mojawapo ikifunguka, izime. Mwaka 1937 mwanafunzi wa Kimarekani, Claude Shannon, alionyesha katika tasnifu yake ya uzamili kwenye chuo cha MIT kwamba saketi za rilei zinafuata aljebra ya George Boole, ile ya kweli na si kweli. Kuanzia hapo kuchora saketi kukawa kazi ya hesabu, kukaacha kuwa kazi ya kubahatisha.

Mwaka huohuo George Stibitz, mtaalamu wa hesabu katika maabara za kampuni ya simu ya Bell huko New York, alibeba rilei mbili kutoka kazini akaenda nazo nyumbani. Aliketi kwenye meza ya jikoni. Akakata vipande viwili vya bati kutoka kwenye kopo la tumbaku, vikawa vitufe vya kubonyeza. Akaongeza betri na balbu mbili za tochi.

Ukibonyeza bati moja, balbu ya kwanza inawaka. Ukibonyeza yote mawili, balbu ya kwanza inazima na ya pili inawaka. Hiyo ni moja kujumlisha moja, katika mfumo wa kuhesabu wenye tarakimu 0 na 1 peke yake, ambamo mbili huandikwa 10. Mkewe alikibatiza kifaa hicho Model K, herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza la jikoni.

Septemba 1940 Stibitz alikuwa kwenye mkutano wa wanahisabati katika chuo cha Dartmouth, New Hampshire. Mashine kubwa aliyoijenga kwa rilei zipatazo 450 ilibaki New York. Swali liliandikwa kwenye mashine ya taipu, likasafiri kwa waya wa simu hadi New York, na jibu likarudi kwa waya. Hiyo ndiyo mara ya kwanza watu kuitumia mashine ya kukokotoa wakiwa mji mwingine.

> Bati la kopo la tumbaku, balbu mbili za tochi na rilei mbili: kompyuta ilianzia kwenye meza ya jikoni.

Mtoto wa simu

Ukizisoma habari za mashine hizi moja baada ya nyingine, unagundua kwamba nyingi zina ukoo mmoja. Kompyuta ilizaliwa nyumbani kwa simu.

Stibitz alikuwa mwajiriwa wa kampuni ya simu. Konrad Zuse, mhandisi kijana wa Berlin, aliijenga mashine yake ya Z3 kwa rilei zaidi ya 2,000 za aina iliyotumika kwenye mitambo ya simu, nyingine zikiwa za mtumba. Tommy Flowers, aliyeijenga Colossus ya Bletchley Park ya kuvunjia siri za jeshi la Ujerumani, alikuwa mhandisi wa Posta ya Uingereza, na kazi yake ya kila siku ilikuwa mitambo ya simu. Fujitsu ya Japani ilikuwa ikitengeneza vifaa vya simu kabla ya kutengeneza kompyuta. Hata rilei za ile mashine ya Harwell ni za aina iliyotumiwa na Posta.

Sababu yake haifichiki. Simu za kuzungusha zilikuwa zimeshafundisha umeme kuhesabu. Ukizungusha 4, waya unapata mishtuko minne. Kule kwenye mtambo kuna kifaa kinachopanda ngazi nne, kisha kinasubiri namba inayofuata. Miaka mingi kabla ya kompyuta, kila mtu aliyepiga simu mjini alikuwa akiiamuru mashine ihesabu, na rilei zilikuwa zimetengenezwa kwa wingi na kujaribiwa usiku na mchana.

Mafundi waliofanya kazi kwenye vyumba vile vya mitambo wanajua kelele zake: saa za kazi zilikuwa kama mvua juu ya bati. Fundi mzoefu aliweza kusimama mlangoni akasikia kwamba safu fulani ina kasoro kabla hajaiona.

Nasisitiza jambo hili la kusikia kwa sababu ndilo linalozitenganisha mashine za rilei na kompyuta zote zilizofuata. Ndani ya simu uliyoishika kuna swichi mabilioni zinazofanya kazi ileile, lakini huzioni, huzisikii, na hata ukiivunja hutaambulia kitu kwa macho. Kwenye mashine ya rilei unaweza kunyoosha kidole na kusema: hapa ndipo inapobeba moja kwenda kwenye makumi. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuelewa.

Moto, ghala na msumeno

Z3 ilionyeshwa kwa wataalamu Berlin tarehe 12 Mei 1941. Ilifuata maagizo yaliyotobolewa kwenye filamu kuukuu za sinema, na watafiti wengi wanaihesabu kuwa kompyuta ya kwanza duniani iliyokamilika na kuongozwa na programu. Haikuishi miaka mitatu. Mwishoni mwa 1943 mabomu yaliangukia jengo, ikateketea. Ile iliyopo leo katika Deutsches Museum mjini Munich ni nakala iliyojengwa upya mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kampuni ya Zuse mwenyewe.

Mdogo wake, Z4, alinusurika kwa kukimbia. Mapema mwaka 1945 Zuse aliitoa Berlin, akapita nayo Göttingen, akaifikisha kwenye kijiji cha Hinterstein katika milima ya Bavaria. Huko ilifichwa ghalani mpaka vita vikaisha. Mwaka 1949 Profesa Eduard Stiefel wa chuo cha ETH cha Zürich alisafiri kwenda kuiona, akaiandikia mlinganyo wa kujaribu, mashine ikaukokotoa. Mwaka uliofuata ilikodishwa kwa chuo hicho.

Kwa miaka mitano Z4 iligonga usiku na mchana Zürich. Zuse aliwahi kutania kwamba mlio wake ndio ulikuwa burudani pekee ya usiku katika mji huo. Baadaye ilipelekwa Ufaransa, na sasa ipo Munich, makumbusho yaleyale yenye nakala ya kaka yake. Imekamilika kwa kuitazama. Haigongi.

Yaliyoikuta Harvard Mark I ni tofauti. IBM iliijenga kwa wazo la Howard Aiken, na ikafika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1944: urefu zaidi ya mita 15, uzito karibu tani tano, vipande 765,000 vya kila aina. Ilikuwa na rilei maelfu, pamoja na magurudumu ya kuhesabia yaliyozungushwa na mhimili mmoja mrefu. Ilijumlisha mara tatu kwa sekunde. Ilifanya kazi hadi 1959.

Kisha ikakatwa. Sehemu moja ilibaki Harvard, nyingine ilikwenda taasisi ya Smithsonian jijini Washington, nyingine IBM. Kila mmoja alitaka kumbukumbu, na kwa kuipata kumbukumbu yake akahakikisha kwamba mashine haitazunguka tena. Hilo naliona ni kosa, tena kosa la watu walioipenda.

Zilizaliwa vitani

Mwandishi anayezisifu mashine hizi bila kusema zilitumika kwa nini anamficha msomaji nusu ya habari.

Zuse alikuwa mwajiriwa wa kiwanda cha ndege cha Henschel, na mashine zake nyingine za rilei zilikokotoa marekebisho ya mabawa ya mabomu ya kuongozwa. Mark I ilikuwa chini ya Jeshi la Majini la Marekani. Mwaka 1944 mwanahisabati John von Neumann aliipelekea hesabu za mlipuko wa kubana, kwa ajili ya mradi wa siri wa bomu la atomiki.

Na hapo habari inafika kwetu. Sehemu kubwa ya madini ya urani ya mradi ule ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, katika Kongo ya wakati huo chini ya Wabelgiji. Wachimbaji hawakuambiwa madini yanakwenda wapi. Kwa hiyo, hesabu zilizokuwa zikigonga ndani ya chumba cha Harvard na mawe yaliyokuwa yakibebwa Katanga, mahali ambapo Kiswahili kinasemwa mpaka leo, zilikuwa pande mbili za kazi moja. Makumbusho yanayoonyesha vipande vya Mark I yana wajibu wa kulisema hilo kwa herufi zinazosomeka.

Nondo kwenye rilei ya 70

Tarehe 9 Septemba 1947, ndugu wa Mark I, yaani Mark II, ilikuwa ikileta makosa. Mafundi wakaifungua, wakakuta nondo amebanwa ndani ya rilei namba 70. Walimtoa, wakambandika kwa utepe wa gundi kwenye daftari la kazi, na kuandika pembeni kwamba huyu ndiye mdudu halisi wa kwanza kupatikana.

Wengi wanasimulia kwamba hapo ndipo Waingereza na Wamarekani walipoanza kuita kasoro ya kompyuta 'mdudu', na kwamba aliyempata ni Grace Hopper. Yote mawili si sahihi. Wahandisi walikuwa wakilitumia neno hilo tangu enzi za Thomas Edison, ndiyo maana mafundi wale walisema 'mdudu halisi'. Hopper alikuwa katika kundi lile na alipenda kukisimulia kisa, lakini hakuwa yeye aliyemtoa nondo.

Tunalijua hilo kwa sababu daftari lipo. Limehifadhiwa Smithsonian, nondo akiwa ndani yake.

Iwashwe au inyamaze?

Miongoni mwa watu wanaotunza mashine hizi kuna mgogoro ambao haujaisha, na kila upande una hoja ya kusikilizwa.

Wahifadhi wa makumbusho, waliozoea kutunza vyungu, vinyago na hati, wanasema kitu cha kale ni ushahidi. Ncha za rilei hupakwa fedha au madini mengine ya thamani. Kila mara zinapogusana huruka cheche ndogo isiyoonekana, na cheche hiyo hula chembe ya madini. Ncha zikiingia weusi, fundi huzisugua, na kila akisugua anaondoa kidogo. Waya wa zamani ukikatika hubadilishwa. Baada ya miaka 50 ya matengenezo, wanauliza, hiyo ni mashine ileile au ni nyingine iliyovaa sura yake?

Tena kuna hatari. Kompyuta ya Pegasus ya miaka ya 1950 iliwashwa kwa miaka mbele ya wageni katika Makumbusho ya Sayansi jijini London, mpaka mwaka 2009 ilipopata hitilafu ya umeme na maonyesho yakasimama. Umeme na vitu vya kale havipatani kirahisi.

Mafundi wanajibu kwamba saa isiyotembea haisemi saa ngapi. Ukiiangalia Z4 ikiwa kimya unaona kabati za chuma na waya. Hujui inachukua muda gani kufikiri, inasita wapi, inasikika vipi inapogawanya. Maarifa hayo hayamo ndani ya chuma. Yamo katika mwendo, na mwendo ukisimama kwa kizazi kimoja, hakuna atakayeweza kuurudisha.

Fujitsu imeuchagua upande huo. Kompyuta yake ya rilei FACOM 128B, ya mwaka 1959, iliyowahi kutumika kubuni lenzi za kamera na ndege ya abiria ya YS-11, inatunzwa Numazu ikiwa inafanya kazi. Wahandisi wa zamani wamewarithisha wadogo zao namna ya kuisikiliza na kuitibu. Mashine yenyewe imekuwa shule.

Upande wa tatu unasema jengeni nakala, muache asilia ipumzike. Colossus inayozunguka Bletchley Park leo ni nakala, kwa sababu zile za asilia zilivunjwa baada ya vita. Nakala inafundisha mengi. Ila inajengwa na watu wanaojua jibu tayari, wakati mashine asilia huwa na mambo ambayo hakuna aliyeyaandika popote.

Msimamo wangu ni huu: palipo na mafundi wanaoijua, vipuri vya aina yake, na daftari la kuandika kila kinachoguswa, iwashwe, kwa siku chache zilizopangwa. Pasipo na hayo matatu, iachwe kimya mpaka yapatikane. Kuiwasha ili kumfurahisha mgeni wa heshima siku ya uzinduzi ni kuihatarisha bure.

> "Mashine yenyewe imekuwa shule."

Mali bila daftari

Turudi kwa mashine ya Harwell. Mwaka 1957 wenyewe hawakuihitaji tena. Badala ya kuitupa, waliishindanisha: chuo kitakachoonyesha matumizi mazuri zaidi kipewe. Chuo cha ufundi cha Wolverhampton kilishinda, kikaibatiza jina la WITCH na kuwafundishia wanafunzi hadi 1973. Mwaka huo kitabu cha rekodi cha Guinness kiliitambua kuwa kompyuta iliyodumu kuliko zote duniani.

Ikapelekwa makumbusho ya Birmingham. Makumbusho yakafungwa mwaka 1997, mashine ikafunguliwa vipandevipande na kupelekwa bohari. Ikasahaulika.

Mwaka 2008 Kevin Murrell, mmoja wa wasimamizi wa makumbusho ya Bletchley Park, alikuwa akitazama picha ya vitu vilivyowekwa bohari. Pembeni akaona ubao wa swichi. Aliwahi kuiona mashine hiyo akiwa kijana, akaitambua. Mwaka uliofuata ikahamishiwa Bletchley Park, na kundi la watu wa kujitolea likaanza kazi.

Walitumia miaka mitatu. Rilei zilisafishwa moja moja. Nyaya zilifuatwa kwa michoro ya zamani. Umeme ulirudishwa kwa hatua, sehemu moja ikipimwa kabla ya kuiendea nyingine. Kanuni yao ilikuwa kubakiza kipuri cha asili kila ilipowezekana. Tarehe 20 Novemba 2012 iliwashwa rasmi, na kati ya waliohudhuria walikuwepo Cooke-Yarborough na Barnes, sasa wazee, wakiitazama kazi ya ujana wao ikiwaka tena. Cooke-Yarborough alifariki dunia wiki chache baadaye.

Bila michoro ile, mafundi wangekuwa na tani 2.5 za chuma. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mambo mawili mengine yanathibitisha ukweli wa maneno hayo.

La kwanza ni la Flowers. Baada ya vita, kwa amri ya wakubwa wake, aliichukua michoro ya Colossus na kuitia kwenye tanuri. Waliokuja kuijenga upya, wakiongozwa na Tony Sale kuanzia mwaka 1993, walianza na picha chache, vipande vya michoro vilivyosalia kwa watu, na kumbukumbu za wazee. Iliwachukua zaidi ya miaka kumi.

La pili ni la Z4. Kwa miongo mingi mashine ilikuwa Munich lakini kitabu cha maelekezo yake hakikujulikana kilipo. Machi 2020 mtunza kumbukumbu wa chuo cha ETH alibaini kwamba baba yake mzazi, aliyewahi kufanya kazi katika idara ya ndege ya chuo hicho, alikuwa ameweka nyaraka za zamani. Miongoni mwake kulikuwa na kitabu cha Z4, pamoja na hesabu za mitetemo ya mabawa ya ndege.

Kilichokosekana miaka yote kilikuwa kwa mzee mmoja, na binti yake alikuwa akifanya kazi hiyohiyo ya kutafuta nyaraka.

Za jana nazo zinakufa

Mtu anaweza kudhani shida hii ni ya mashine za miaka 80 iliyopita. Kinyume chake, za juzi zina hali mbaya zaidi. Rilei iliyokaa kabatini nusu karne inaweza kufufuliwa kwa kupitisha kipande cha karatasi ngumu kati ya ncha zake. Kompyuta nyingi za miaka ya 1980 na 1990 zina betri ndogo iliyochomelewa kwenye bodi, na betri hiyo ikizeeka huvuja maji yanayokula njia za shaba. Programu zilizohifadhiwa kwenye chipu za zamani hufifia. Diski laini hupoteza sumaku.

Wala fedha peke yake si kinga. Bilionea Paul Allen, mmoja wa waanzilishi wa Microsoft, alifungua jijini Seattle makumbusho ambayo mgeni aliruhusiwa kuketi na kuzitumia kompyuta za kale zenyewe. Alifariki dunia mwaka 2018. Milango ikafungwa 2020, na mwaka 2024 ikatangazwa kwamba haitafunguliwa tena, vitu kadhaa vikauzwa kwa mnada. Kompyuta moja ya Apple-1 ilinunuliwa kwa dola 945,000. Mnunuzi alipata kompyuta. Umma ulipoteza mahali pa kujifunzia.

Na kwetu?

Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, aina ya ICT 1500, iliyofungwa Wizara ya Fedha. Haikuwa ya rilei. Ilikuwa ya kizazi kilichofuata, cha transista. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na zuio hilo lilikaa miaka kadhaa. Kwa hiyo waliozigusa mashine za mwanzo ni wachache, na umri wao umekwenda.

Walikuwepo watoboa kadi, waliokaa mbele ya mashine za kutoboa wakigeuza hati za malipo kuwa matundu. Walikuwepo mafundi simu wa shirika la Afrika Mashariki, kabla Jumuiya haijavunjika mwaka 1977, waliotengeneza rilei kwa mikono yao na kusikia kasoro kwa masikio. Ujuzi wao ndio uleule uliozijenga mashine za Stibitz na Zuse. Wengi wao hatujawahi kuwauliza kitu.

Vyuo vyetu vinafundisha kompyuta kuanzia skrini na kibodi. Ningependa kila chuo cha ufundi kiwe na meza moja yenye rilei mbili, betri, balbu mbili na vipande vya bati, mwanafunzi ajijumlishie mwenyewe moja na moja, asikie mlio. Rilei za magari zinapatikana katika kila duka la vipuri.

Na wewe msomaji, kama baba, mama, shangazi au babu yako alifanya kazi kwenye chumba cha kompyuta cha Hazina, reli, bandari au benki, au kwenye mitambo ya simu, nenda kakae naye. Muulize mashine ilikuwa na mlio gani, na ikikwama walifanyaje. Rekodi sauti yake. Fungua sanduku la hati zake kabla halijapelekwa kuwashia moto. Kama kuna kompyuta ya zamani stoo, itoe betri leo. Kisha piga picha kila unachokikuta, hata usichokijua jina, na uiweke mahali ambapo wengine wataiona. Mashine ya Harwell iliokolewa na picha moja.